Kupima masalia ya ufyatuaji: kuanzia mkono wa mshukiwa hadi ripoti

Wanaoanza kazi hii huuliza maswali yale yale. Nitrati zikionekana mikononi, si ndiyo tayari? Chembe ngapi zinatosha kusema huyu kafyatua? Sampuli iliyochukuliwa kesho yake ina maana yoyote? Mbona stabu (kitufe chenye gundi cha kuchukulia sampuli) ni tupu, na mashahidi watano wamemwona na bastola? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa ajili ya mpelelezi anayechukua sampuli na mkemia anayeipima, maana kosa la wa kwanza haliwezi kusahihishwa na wa pili.

Kabla ya yote, shika hili: kipimo hiki hujibu swali moja tu, nalo ni kama juu ya mkono huu au nguo hii kuna chembe zilizotokana na risasi kufyatuliwa. Nani alivuta kifyatulio ni swali jingine, na hakuna mashine inayolijibu.

Unachokitafuta

Kitakoni mwa ganda la risasi kuna kiwashio. Pini ya bunduki ikikigonga, mchanganyiko uliomo hulipuka na kuwasha baruti. Katika risasi nyingi mchanganyiko huo una stifneti ya plumbi inayolipuka, nitrati ya bariamu inayotoa oksijeni, na salfidi ya antimoni ambayo ndiyo kuni. (Kwa Kiswahili "risasi" ni kile kinachotoka mtutuni na pia ni madini. Ili tusichanganyane, humu madini yataitwa plumbi, alama yake Pb.)

Joto la mlipuko hugeuza madini hayo kuwa mvuke. Mvuke hupoa ghafla, ukajikusanya kuwa matone, na matone yakaganda yakiwa na umbo la duara au karibu na duara. Mengi yana kipenyo cha mikroni 0.5 hadi 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Plumbi, bariamu na antimoni ndani ya tone *moja* ndiyo alama tunayoitafuta. Plumbi kwenye kidole gumba, bariamu kwenye kiganja na antimoni kwenye kifundo si alama hiyo, hata kama ni mkono mmoja.

Hapo ndipo vipimo vya zamani viliposhindwa. Kile cha nta ya parafini, kilichoanza kuenea miaka ya 1930, kilitafuta nitrati kwa difenilamini ndani ya asidi ya salfuriki. Rangi ya buluu ilitokea kweli, lakini ilitokea pia kwa aliyeshika mbolea, moshi wa tumbaku au mkojo. Mkutano wa wataalamu wa Interpol wa miaka ya 1960 ulikikataa hata kama kipimo cha awali. Kama bado unaombwa kukifanya, kataa, na eleza sababu kwa maandishi.

Andaa vitu hivi kwanza

Kwa anayechukua sampuli:

- stabu za alumini zenye kipenyo cha milimita 12.7, zimebandikwa tepu ya kaboni yenye gundi pande mbili, kila moja ndani ya kichupa chake chenye kifuniko cha kuzungusha;
- glavu mpya zisizo na poda, angalau jozi tatu kwa kila mtu anayechukuliwa sampuli;
- karatasi safi ya kutandika mezani, inayotupwa baada ya mtu mmoja;
- mifuko ya karatasi na kamba laini;
- bahasha, lakiri za usalama, kalamu isiyofutika na fomu ya maelezo.

Kwa maabara: hadubini ya elektroni yenye kipokezi cha elektroni zinazorudi nyuma na kipima eksirei, programu ya kutafuta chembe yenyewe, stabu ya rejea yenye chembe bandia ambazo idadi na mahali pake vinajulikana, stabu tupu za udhibiti, na kifaa cha kupaka kaboni. Chumba cha kazi hii kisiwe kile kinachopokea bunduki na maganda. Mtu aliyetoka kufyatua silaha za majaribio asiingie siku hiyo, hata akiwa ameoga.

Sehemu ya kwanza: kuchukua sampuli mikononi

1. *Angalia saa.* Kwa mtu aliye hai, anayetembea na kutumia mikono yake, chembe hudondoka haraka. Sehemu kubwa huondoka ndani ya saa moja au mbili za mwanzo, na maabara nyingi huweka ukomo wa saa 4 hadi 6. Kunawa kwa sabuni kunaweza kuondoa zote kwa mara moja. Kwa marehemu ambaye mwili wake haujasogezwa, chembe hukaa muda mrefu zaidi. Andika saa ya tukio na saa ya kuchukua sampuli. Bila saa hizo mbili mkemia hawezi kusema chochote juu ya stabu tupu.

2. *Linda mikono.* Kama mwenye vifaa hajafika, funika kila mkono kwa mfuko wa karatasi na uufunge kwenye kifundo bila kukaza. Usitumie plastiki: mkono hutoa jasho, jasho hugeuka matone ndani ya mfuko, na matone huosha kile ulichotaka kukilinda. Sampuli itangulie alama za vidole. Wino na roli vitafuta kila kitu. Ikiwezekana itangulie hata pingu. Pingu zilizokaa kiunoni mwa askari mwenye bastola zimejaa chembe, na hufungwa pale pale unapotaka kupima.

3. *Chagua mtu wa kuchukua.* Asiwe na silaha, na siku hiyo asiwe ameshika silaha. Anawe mikono, avae glavu mpya, na asiguse kitu kingine hadi amalize. Hili hupuuzwa kuliko yote. Askari aliyemkamata mshukiwa ndiye huwa tayari pale na ndiye hupewa kazi, wakati yeye mwenyewe anabeba chembe za mazoezi ya shabaha.

4. *Anza na stabu ya udhibiti.* Fungua stabu moja pale pale chumbani, iache wazi kwa muda wote utakaotumia kwa mtu huyo, kisha ifunge. Bonyeza nyingine kwenye glavu zako kabla hujamgusa. Mawakili wataulizia stabu hizi mbili, na wana haki ya kuuliza.

5. *Bonyeza na inua.* Shika kichupa kwa kifuniko chake ili vidole visiguse gundi. Anzia kwenye ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, endelea mgongo wa mkono, kisha vidole upande wa nje. Bonyeza, inua, sogea, bonyeza tena. Mara 50 hadi 100 kwa mkono, au hadi gundi iache kunata. Usisugue wala usiburute: kusugua husukuma chembe kwenye mikunjo ya ngozi na kuichana tepu.

6. *Stabu moja kwa sehemu moja.* Mkono wa kulia na yake, wa kushoto na yake. Vifaa vikiruhusu, tenganisha mgongo na kiganja. Mgongo wenye chembe na kiganja kisicho nazo unasema jambo tofauti na kiganja chenye chembe na mgongo mtupu. Picha hii ya pili ni ya kawaida kwa aliyeokota silaha au ganda. Ukishachanganya, tofauti hiyo imepotea kabisa.

7. *Uso, nywele, nguo.* Zichukue pia ikiwa saa zimepita. Nywele na mikono ya shati hushika chembe kuliko ngozi. Nguo ikitumwa nzima, kila kipande kiwe kwenye mfuko wake wa karatasi, kikiwa kikavu. Nguo yenye damu ikaushwe kwanza kwenye chumba kisicho na upepo.

8. *Jaza fomu mbele yake.* Kazi yake ni nini? Anatumia mkono upi? Amenawa? Amegusa silaha siku hiyo? Amepanda gari gani kuja kituoni, na kiti kipi? Amewasha fataki, amechomelea vyuma, amebadilisha breki? Usibashiri majibu. Yaandike kama alivyoyasema.

9. *Funga, weka lakiri, andika jina na saa.* Kuanzia hapa kila mkono unaoshika bahasha unatia saini.

Onyo kuhusu sampuli za mabaki ya baruti yenyewe, yaani kemikali za kikaboni kama nitrogliserini, difenilamini na sentraliti: hizi huyeyukia kwenye mafuta ya ngozi na nyingine huvukiza. Kama maabara yako ina kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi, uliza kabla ya tukio wanataka swabu ya aina gani. Swabu hizo hutunzwa kwenye baridi na kupelekwa upesi. Stabu ya kaboni haihitaji friji.

Sehemu ya pili: kwenye hadubini ya elektroni

1. *Pokea kwa mashaka.* Linganisha lakiri na fomu kabla ya kufungua. Ikiwa bahasha ya mikono imefika ndani ya mfuko mmoja na bunduki, andika hivyo na usiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea.

2. *Paka kaboni kama inahitajika.* Stabu yenye ngozi, nywele au nyuzi hukusanya chaji na picha hukimbia. Utando mwembamba wa kaboni hutuliza hali hiyo. Usipake dhahabu: dhahabu ni elementi nzito nayo hung'aa, na eksirei zake karibu na keV 2.1 zinabanana na za plumbi (keV ni kipimo cha nishati; kila elementi hutoa eksirei za nishati zake maalumu, ziitwazo mistari).

3. *Panga meza.* Stabu ya rejea, stabu tupu ya maabara, stabu za udhibiti za mpelelezi, kisha za mshukiwa. Usiweke stabu ya ndani ya ganda pamoja na za mikono. Ina maelfu ya chembe, na moja tu ikihama imeharibu kesi.

4. *Weka volti.* Kilovolti 20 ndicho kiwango cha chini, wengi hutumia 20 hadi 25. Sababu ni plumbi. Mstari wake wa kuaminika, ule uitwao L-alfa, uko keV 10.55, na ili utokee ni lazima elektroni ipite kizingiti cha takriban keV 13. Ukishusha volti ili picha ipendeze, utabaki na mstari wa M peke yake, na huo utakudanganya, kama tutakavyoona.

5. *Rekebisha mwangaza.* Katika picha ya elektroni zinazorudi nyuma, elementi nzito hung'aa na nyepesi hufifia. Kaboni ya tepu iwe karibu nyeusi. Kizingiti cha mwangaza kikiwa juu mno, chembe zenye bariamu nyingi na plumbi kidogo zitapita bila kuonekana. Kikiwa chini mno, mashine itasimama kwenye kila punje ya vumbi la chuma na kalsiamu, na usiku mzima utaishia robo ya stabu. Rekebisha kwa stabu ya rejea, si kwa macho yako.

6. *Piga hesabu ya picha.* Duara la milimita 12.7 lina eneo la milimita za mraba 127 hivi. Kama kila picha inafunika mraba wa milimita 0.5, unahitaji zaidi ya picha 500 kumaliza stabu. Picha yenye pikseli 1024 kwa upande inafanya kila pikseli iwe mikroni 0.49, hivyo chembe ya mikroni 1 inachukua pikseli mbili kwa mbili. Hapo ndipo mwisho wa uwezo wako kwa mpangilio huo. Ukitaka za nusu mikroni, kuza zaidi na ukubali muda kuongezeka mara nne.

7. *Endesha utafutaji, kisha pima rejea tena.* Rejea ya mwanzo peke yake haitoshi. Mkondo wa elektroni hushuka polepole usiku, na chembe za stabu ya mwisho ndizo huumia.

8. *Rudi kwa kila chembe kwa mkono wako.* Orodha ya programu ni orodha ya wagombea tu. Ipeleke hadubini kwenye kila moja, kuza, piga picha, na chukua spektra ndefu, yaani mchoro wa vilele vya eksirei zake. Hapa ndipo mkemia anapofanya kazi ambayo mashine haiwezi.

Kusoma spektra bila kudanganyika

Elementi tatu tunazozitafuta zina majirani wenye sura zinazofanana nazo, na wanaoanza hunaswa hapa kuliko popote.

*Antimoni na kalsiamu.* L-alfa ya antimoni iko keV 3.60, K-alfa ya kalsiamu iko 3.69. Kalsiamu iko kila mahali: vumbi la ukuta, chokaa, ngozi. Usiseme antimoni hadi uone pia L-beta yake kwenye 3.84, na bega la 4.10. Kalsiamu ina kilele kimoja kidogo tu baadaye, kwenye 4.01.

*Bariamu na titani.* 4.47 na 4.51: kipima eksirei cha kawaida hakitenganishi. Titani hutoka kwenye rangi nyeupe, vipodozi na krimu za jua. Bariamu ina ngazi ya vilele vinavyoshuka, 4.83, 5.16, kisha 5.53. Titani ina kimoja tu, 4.93. Ukikosa ngazi, hakuna bariamu.

*Plumbi na salfa.* Mstari wa M wa plumbi uko 2.34, salfa 2.31, na molibdeni 2.29, vyote chini ya kilele kimoja. Ndiyo maana tulisisitiza kilovolti 20: nenda kwenye 10.55 na uangalie. Hakuna kitu pale? Basi hukuona plumbi.

Ukishahakikisha elementi, angalia umbo na wenzake. Chembe ya duara, au yenye dalili ya kuyeyuka na kuganda, ikiwa na Pb, Ba (bariamu) na Sb (antimoni) pamoja, huitwa bainifu. Zenye mbili tu, mfano Pb na Sb, Ba na Sb, au Ba na Al (alumini), huitwa zinazoafikiana: zinaweza kutoka kwenye risasi na zinaweza kutoka kwingine. Plumbi peke yake haina uzito ikisimama yenyewe, maana betri, rangi za kale na vizito vya nyavu vyote vinayo.

Chembe za pedi za breki zinaweza kuwa na bariamu na antimoni, na za zamani zina plumbi pia. Utazitambua kwa chuma kingi na kingo zenye ncha. Fataki za sherehe huja na magnesiamu, potasiamu, klorini au strontiamu kwa wingi. Jiwe la kiberiti cha gesi hung'aa sana na kusimamisha mashine, lakini ni seriamu na lanthani na chuma. Mashine za kupigilia misumari zinazotumia vilipuzi vidogo ni shida ya kweli, kwa sababu kiwashio chake kinaweza kuwa kile kile cha risasi. Ndiyo maana fomu inauliza kazi ya mtu.

Kisha kuna risasi zisizofuata kanuni. Nyingi za kaliba .22 zina plumbi na bariamu bila antimoni, mara nyingi na silikoni ya unga wa kioo uliomo kwenye kiwashio. Risasi zisizo na metali nzito huacha titani na zinki; baadhi za polisi zimetiwa gadolini au gali makusudi, ili zitambulike. Za zamani kutoka Ulaya ya Mashariki zinaweza kuwa na zebaki. Kwa hiyo usihukumu mikono kabla hujapima ndani ya ganda lililookotwa eneo la tukio. Kama ganda linatoa Pb na Ba tu, chembe za Pb-Ba-Sb mkononi haziwezi kuhusishwa moja kwa moja na kiwashio cha ganda lile, hata ziwe nyingi namna gani.

Sehemu ya tatu: nguo na swali la umbali

Hapa kemia ya rangi bado ina nafasi yake, na maabara isiyo na hadubini ya elektroni inaweza kufanya kazi ya maana. Swali ni mtutu ulikuwa mbali kiasi gani na nguo. Fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa na glavu na miwani. Mpangilio ni lazima uwe huu: picha, darubini, nitriti, kisha plumbi.

1. Piga picha ya nguo yenye rula, kisha tazama kwa darubini ya kawaida. Punje za baruti ambazo hazijaungua na masizi huonekana hapo. Weka kando chache kwa vipimo vingine.

2. Tengeneza kimiminika cha kupima nitriti: asidi ya salfanili gramu 0.5 kwa mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, na alfa-naftoli gramu 0.28 kwa mililita 100 za methanoli. Changanya kwa ujazo sawa. Loweka karatasi ya picha iliyoondolewa fedha, iache ikauke.

3. Jaribu pembe za karatasi kwa swabu yenye nitriti. Zikitoa rangi ya chungwa, karatasi ni nzima. Zisipotoa, tupa, anza upya.

4. Laza nguo juu ya karatasi, upande wenye tundu ukitazama chini. Juu yake weka kitambaa chepesi kilicholowekwa asidi ya asetiki ya asilimia 15, kisha pasi ya moto. Mvuke hupenya nguo, nitriti hushuka, na vidoa vya rangi ya chungwa hutokea kwenye karatasi. Usisogeze nguo, kidoa kikipanuka, umbali umepotea.

5. Sasa plumbi. Nyunyizia kimiminika kizito cha rodizoneti ya sodiamu katika maji, chenye rangi ya chai kali, kilichotengenezwa saa hiyo hiyo kwa sababu huharibika haraka. Fuatisha bafa ya pH 2.8: sodiamu bitatreti gramu 1.9 na asidi ya tatariki gramu 1.5 kwa mililita 100 za maji. Rangi ya waridi ni dalili. Nyunyizia asidi ya hidrokloriki ya asilimia 5. Ikigeuka buluu ya zambarau, ni plumbi. Piga picha mara moja, rangi hufifia. Kwa nguo nyeusi, hamishia plumbi kwanza kwenye karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa asidi ya asetiki ya asilimia 15, kwa pasi, kisha nyunyizia karatasi.

6. Linganisha. Fyatua silaha *ile ile* kwa risasi za *aina ile ile* kwenye kitambaa kinachofanana, kwa umbali wa sentimita 15, 30, 45, 60 na 90, na upitishe vitambaa hivyo kwenye hatua zile zile. Bila silaha na risasi hizo hakuna makadirio ya umbali. Mtutu mfupi na mrefu hutawanya tofauti, na baruti ya punje bapa haisafiri kama ya punje duara. Usikubali kushawishiwa kukadiria kwa uzoefu.

Kuandika ripoti

Andika idadi ya chembe kwa aina na kwa stabu, na matokeo ya kila udhibiti. Sentensi ya hitimisho iwe ya namna hii:

"Kwenye stabu ya mgongo wa mkono wa kulia zimeonekana chembe 4 bainifu za masalia ya ufyatuaji. Matokeo haya yanaafikiana na mtu aliyefyatua silaha, aliyekuwa karibu na silaha ilipofyatuliwa, au aliyegusa kitu chenye masalia hayo."

Kwa stabu tupu: "Hazikuonekana chembe bainifu. Hili halithibitishi wala haliondoi uwezekano kwamba mhusika alifyatua silaha." Usifupishe sentensi hizi kwa sababu kuna haraka. Huko Uingereza, Barry George alitiwa hatiani mwaka 2001 kwa mauaji ya mtangazaji Jill Dando, na chembe moja iliyokutwa ndani ya mfuko wa koti lake ilikuwa sehemu ya ushahidi. Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu mwaka 2007, baada ya kuonekana kwamba chembe ile haikuegemea upande wowote, na mwaka 2008 akaachiwa huru. Ilikuwa chembe moja, naye alikuwa amekaa miaka gerezani.

Mambo yakienda mrama

*Stabu ya rejea haifikii idadi yake.* Usipime mtu. Angalia kizingiti cha mwangaza, mkondo wa elektroni, na umbali wa sampuli hadi lenzi. Mara nyingi ni mkondo ulioshuka.

*Programu inasema kuna chembe 60 bainifu, kwa macho huoni hata moja.* Karibu kila mara ni kalsiamu na titani zilizosomwa kama antimoni na bariamu. Rudi kwenye ngazi ya vilele.

*Chembe imeorodheshwa lakini ukirudi haipo.* Ama meza ya hadubini imeteleza mikroni kadhaa, ambapo chembe zote zitakuwa zimesogea upande ule ule, ama chembe hiyo ilikaa juu ya unywele. Ya pili usiihesabu.

*Picha inang'aa na kuyumba.* Ni chaji. Paka kaboni, au tumia ombwe hafifu kama hadubini yako inalo.

*Stabu imejaa ngozi.* Ilibonyezwa kupita kiasi. Chembe zilizofunikwa hutazipata. Andika hali ya stabu kwenye ripoti badala ya kuandika tu "hakuna".

*Stabu ya udhibiti ina chembe bainifu.* Simama. Kama ni ya maabara, safisha chumba, pima hewa na meza kwa stabu mpya, na urudie kundi zima. Kama ni ya glavu za mpelelezi, matokeo ya mshukiwa huyo yaripotiwe pamoja na ya glavu, aya moja, bila kuyatenganisha.

*Upande wa utetezi unaomba kupima tena.* Upimaji wa hadubini ya elektroni hauharibu chembe. Funika stabu, iweke kwenye kichupa chake, na ukabidhi pamoja na ramani ya mahali pa kila chembe ili maabara ya pili isianze kutafuta upya.